Maji Aliyoyasikia Mama Sikio

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mkaguzi wa mabomba ya zimamoto wa halmashauri yetu kwa miaka ishirini na mitatu, na mji mzima ulimwita Mama Sikio. Mimi nilikuwa karani wa Kamati ya Usalama na Huduma, kamati ile ile iliyopokea ripoti zake. Najua kuna watakaosema huo ni undugu kazini. Waseme. Yeye kazi aliipata mimi sijaota meno, na mimi yangu niliipata kwa mtihani.

Alianza kwa kufagia kituo cha zimamoto. Akimaliza kufagia aliwauliza wazimamoto maswali mpaka wakamchoka, na mmoja wao, ili apate kupumzika, akampa fimbo ya kusikilizia: ufito wa chuma wenye urefu wa mkono, juu yake kuna kikombe cha mbao. Unasimamisha ncha ya chuma juu ya bomba, unaweka sikio kwenye kikombe, na kinachopita chini ya barabara unakisikia. Shangazi alituambia kwamba siku hiyo ufagio aliuacha ukutani, akazunguka mtaa baada ya mtaa akisikiliza, akasahau hata kula. Kesho yake aliomba kazi ya ukaguzi. Walicheka, kisha wakampa, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Mara moja moja nilitoroka mafaili nikamsindikiza. Ilikuwa ni saa zile za asubuhi ambapo watoto wako shuleni na wakubwa wako kazini, mitaa imetulia, jua limelala ukutani na nguo zimening'inia hazitikisiki. Shangazi alitembea taratibu, kama mtu aliye sebuleni kwake gizani, anayejua kila kiti kilipo. "Hapa yanakimbia," aliniambia akiwa ameinama, macho kayafumba. "Hapa yanakata kona. Hapa yamechoka, masikini, yamepanda kilima." Basi mimi, niliyezoea kuona lami na vumbi tu, nilianza kuuona mji mwingine chini ya huu wetu, mji wa maji, una barabara zake na vichochoro vyake, na mwenyeji wake ni mmoja tu. Nilirudi ofisini nikiwa nusu nimelala. Sijui kama nimewahi kuwa na raha kama ile.

Kanuni ilisema kila bomba lifunguliwe mara moja kwa mwaka, maji yaonekane kwa macho. Lakini mwaka mmoja wa ukame watu wa idara ya maji walilalamika: wananchi wanapanga foleni na ndoo, halafu halmashauri inamwaga maji barabarani! Wakakubaliana hivi: mkaguzi alegeze koki robo mzunguko bila kuvua kifuniko, asikilize kwa fimbo. Akisikia maji yanasukuma, aandike "Lina maji" na kusaini. Akiwa na shaka, ndipo afungue. Ukame uliisha, mvua zikaja zikaondoka, utaratibu ule ukabaki. Shangazi hakuwahi kuwa na shaka. Kila mwaka aliileta ripoti yake, mabomba mia mbili kumi na mawili, yote yana maji, na kamati ikaipitisha kabla chai haijapoa.

Siku ya mambo kugeuka alikuwa kwenye mtaa wa mafundi cherehani. Amelegeza koki, amesikiliza, amesaini. Fundi bomba mmoja wa idara ya maji alikuwa ndani ya shimo kwenye kona, amevaa buti za mpira, akatoa kichwa.

"Mama Sikio, unasaini nini hapo?"

"Nasaini kazi yangu. Lina maji, tena yanasukuma vizuri."

"Maji gani, mama? Mtaa mzima nimeufunga tangu saa mbili."

"Basi umefunga vibaya."

Fundi alipanda kutoka shimoni. Alichukua spana yake akavua kifuniko. Utando wa buibui ulitoka, na kutu kidogo ikadondoka juu ya kiatu cha shangazi.

Alikuja moja kwa moja ofisini kwangu. Hakunisalimu, na huyu ni mtu ambaye bila salamu hata simu haipokei. Alisimamisha fimbo juu ya meza yangu akasikiliza. Akaisimamisha ukutani. Akaisimamisha juu ya kabati la mafaili, juu ya kiti cha wageni, mwishowe juu ya kichwa changu.

"Na humu pia yamo," akasema.

"Shangazi, kwamba mimi ni kichwa maji umeanza kusema zamani."

Hakucheka. Alikaa, akaiweka fimbo mapajani. "Mwanangu, nayasikia kila mahali. Yako ndani ya sikio."

Daktari wa masikio alitueleza siku iliyofuata. Alisema sauti ile wengine huisikia kama filimbi, wengine kama nyenje, na wako wachache wanaoisikia kama mto. Haina dawa ya kuiondoa. Aliuliza ilianza lini. 

"Ilianza wiki niliyomzika mume wangu," alisema shangazi. "Ni miaka minne sasa. Watu wa msiba walipoondoka, nilidhani nyumba itakuwa kimya. Haikuwa kimya. Nikasema labda wamepitisha bomba jipya nyuma ya ukuta. Lilikuwa linanilaza, daktari. Nilikuwa nashukuru."

Marehemu mjomba, mumewe, alikuwa dereva wa gari la kuzoa taka, mtu mpole, mpenda kuimba bafuni. Nilitoka nje ya chumba cha daktari nikajifanya natafuta maji ya kunywa. Niliumia, na nasema wazi kwamba niliumia kwa ajili ya shangazi tu. Mabomba hata hayakuwa kichwani mwangu.

Yeye yalikuwa kichwani mwake. Njiani alihesabu kwa vidole: miaka minne, saini mia nane na arubaini na nane. Hakujua ni bomba lipi alilisikia kweli na wapi alisikia sikio lake mwenyewe. Wazimamoto walikuwa wanaitegemea orodha ile. Gari likifika kwenye nyumba inayoungua, mtu wa kwanza kuruka hukimbilia bomba lililoandikwa "Lina maji", halafu mpira unatandazwa kutoka hapo. Kama ni kavu, mpaka wahamie la pili, nyumba imeshakwenda na waliomo.

Kamati ilikuwa inakutana keshokutwa yake. Mwenyekiti, diwani tuliyemwita Mheshimiwa Kwa Kifupi kwa sababu alianza hivyo kila hotuba ya saa nzima, alikuwa ameshanipa tangazo nilichape: mji wetu una mabomba mia mbili kumi na mawili ya zimamoto na yote yanafanya kazi. Angelisoma hadharani.

Hapa nakiri. Nilimwambia shangazi anyamaze. "Tangazo lipite. Halafu mimi na wewe na yule fundi bomba tutafungua moja moja kimya kimya, makavu yatatengenezwa, nani atajua? Umebakisha mwaka mmoja ustaafu. Utaondoka na jina lako."

Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Na likitokea la kutokea wakati tunafungua kimya kimya? Wewe karani, utaliandikaje hilo?"

"Shangazi, watakufanya kichekesho cha mji."

"Wacha wacheke. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Niweke kwenye mengineyo."

Nikamweka. Mengineyo ni ajenda ya mwisho, wajumbe wakiwa wameshafunga mikoba yao. Chumba cha kamati kilikuwa na joto la kulaza, feni inazunguka kivivu, mapazia ya kijani yanaufanya mwanga uonekane kama uko chini ya bwawa. Wajumbe sita. Shangazi alisimama na gauni lake la kazini, akaiweka fimbo katikati ya meza.

"Waheshimiwa, naomba kila mmoja asikilize hapa. Mnieleze mnasikia nini."

Walitazamana. Mwenyekiti alidhani ni maonyesho ya kumuaga mtumishi mkongwe, akatabasamu akainama wa kwanza. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, mashavu yao kwenye kikombe cha mbao, macho wameyafumba bila kuambiwa.  Nilikuwa sijawahi kuwaona madiwani wale wazuri namna ile, nadhani kwa sababu walikuwa wanasikiliza.

"Sisikii kitu," alisema mwenyekiti.

"Wala mimi," wakasema wengine.

"Mimi nasikia mto," alisema shangazi. "Na hii ni meza."

Akawaeleza yote, shimo, utando wa buibui, daktari. Hakumung'unya maneno wala hakulia. Alimaliza kwa kusema saini zake za miaka minne zifutwe, na tangazo lisisomwe.

Mwenyekiti alikohoa. "Kwa kifupi, mama, unataka kutuambia kwamba ripoti zote tulizopitisha..."

"Ndiyo."

"Lakini zilikuwa na saini yako."

Aliyejibu hakuwa shangazi. Alikuwa diwani mmoja mama, muuza vitambaa, ambaye kwa kawaida vikaoni alikuwa anasinzia. "Na za kwetu pia zipo, mwenyekiti. Yeye alikuwa anasikiliza bomba. Sisi tulikuwa tunasikiliza nini? Hapa ndani nani amewahi kwenda kuliona hata moja?"

Hakuna mkono ulionyanyuka.  Nilikuwa nimeshika kalamu, sijui niandike nini, maana kumbukumbu za kikao hazina mahali pa kuandika aibu. Halafu Mheshimiwa Kwa Kifupi, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akawa mfupi kweli.

"Tukafungue."

Tulifungua kwa siku tisa. Shangazi alishika ufunguo wa koki, fundi bomba akavua vifuniko, madiwani walipokezana kusimama pembeni na kutazama, mimi nikaandika. Yalipotoka maji yalitoka kwa kishindo, kwanza mekundu, halafu meupe, yakitawanya mwanga barabarani, na watu wakatoka na ndoo na masufuria wakicheka. Mwenyekiti alilowana mpaka soksi akasema haidhuru. Kulikuwa na asubuhi ambazo nilisahau tunatafuta nini. Shangazi hakusahau. Kila koki ilipozungushwa alitazama mdomo wa bomba, midomo yake ikihesabu, na yasipotoka alijiandikia alama kwenye kiganja kwa kalamu, ingawa mimi nilikuwa na fomu.

Yalitoka kwenye mabomba mia moja themanini na moja. Thelathini na moja yalikuwa makavu. Mengine yalizibwa na kutu, mengine yalikatwa zamani wakati wa kutengeneza barabara na hakuna aliyeandika.

Idara ya maji iliahidi kuyatengeneza, ikaomba muda. Mpaka hapo, kila bomba kavu lilitakiwa kuvishwa gunia, likafungwa kwa kamba, ili mzimamoto asipoteze dakika zake hapo. Halmashauri ilikuwa na vibarua wa kazi hiyo. Shangazi alikataa. "Nilisaini mwenyewe, nitayafunga mwenyewe." Nilimbebea magunia.

Watu walituuliza, akawajibu. Alisema vile vile kila mahali: hili ni kavu, niliandika kwamba lina maji, nilikosea, nisameheni. Wengine walimwambia pole. Mwanamke mmoja alimwita mwanawe ndani akafunga mlango, na shangazi akaendelea kukaza fundo kana kwamba hakusikia, ila alisikia, maana lilimfunguka mara mbili, mpaka nikamshikia kamba.

Bomba la ishirini na mbili lilikuwa mbele ya karakana ya seremala. Mzee wa makamo, ana vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Ndani kulikuwa na mbao kavu zimepangwa hadi darini, makopo ya vanishi, na ngazi ya kupandia juu anakolala yeye na mkewe na wajukuu wawili. Alitoka akasimama akimtazama shangazi anavyofunga gunia, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Tangu lini, mama?" akauliza.

"Sijui, baba. Na mimi ndiye niliyetakiwa kujua."

Seremala alipangusa mikono kwenye aproni yake, polepole, kidole kimoja kimoja. "Kila mwaka nilikuwa nakuona hapa na fimbo yako. Mke wangu ana hofu na moto, kwao waliungua. Nilikuwa namwambia, lala, Mama Sikio amepita leo. Naye alikuwa analala."

Hapo shangazi alilia. Sikuwa nimemwona akilia hata kwa mjomba. Alisimama pale barabarani mchana kweupe, gunia moja bado liko mkononi, akalia bila kujificha, na mimi nikasimama naye kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Seremala hakumwambia nyamaza. Aliingia ndani, tukasikia kitu kinaburutwa, akatoka akiviringisha pipa tupu, akalisimamisha mlangoni kwake. Akarudi na ndoo mbili.

Bomba la watu kuchotea maji lilikuwa ng'ambo ya barabara, chini kidogo, kwenye kona. Shangazi alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akachukua ndoo moja, seremala akachukua nyingine. Nilijaribu kumpokea akanipiga jicho, nikarudi nyuma. Wakaanza kwenda na kurudi, mama wa miaka hamsini na tisa na yule seremala. Mimi nilikuwa nimeachiwa magunia tisa ya kufunga kabla giza halijaingia. Nilipowaacha, pipa lilikuwa limefika nusu.