Mbuzi wa Lukenya Waliotafutwa Kinanie

Nichekeni mkitaka, lakini mnisaidie pia kumshukuru Mzee Ndambuki wa Lukenya, aliyenilisha kabla sijamkosea adabu.

Nilikuwa mtu wa kompyuta kwa Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi pale Athi River. Wauzaji walituma ujumbe wa simu wakitaja jina, idadi ya mbuzi na mahali. Programu yangu ilisoma ujumbe na kumpangia dereva safari. Kuandika mahali nilikuacha kuwe kwa hiari, maana wazee wengi hawaandiki kwao. Wanaamini kila mtu anapajua.

Asubuhi moja lori lilienda Kinanie, kama programu ilivyoonyesha, kuchukua mbuzi wa Mzee, likarudi tupu. Nikaulizia kwake, nikaelekezwa Lukenya, nikaenda nikiwa nimefura.

“Kula kwanza, kijana,” Mzee aliniambia. “Hayo maneno yatangoja.”

Mkewe akaleta isyo, mahindi na maharagwe, sahani imejaa pomoni. Nilimaliza yote, nikapangusa mdomo, ndipo nikamwambia mwenyeji wangu kwamba ni mwongo na anatuharibia kazi.

Alitoa simu akanionyesha ujumbe aliotuma: “Ndambuki. Mbuzi kumi.” Basi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mahali pasipoandikwa, programu yangu haikuacha pengo. Ilirudia mahali palipoandikwa kwenye ujumbe uliotangulia, na aliyetangulia alikuwa mtu wa Kinanie.

Mzee akaniongezea isyo, akauliza kwa upole, “Sasa kijana, hiyo Kinanie niliandika mimi, ama uliandika wewe?”