Samaki Aliyefumba Mdomo

Watu wakisikia kwamba sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, kwanza huniuliza nimehamia dhehebu gani. Nikisema bado nasali palepale, wanahamia kwenye magonjwa: ni vidonda vya tumbo au presha? Nikisema sina ugonjwa, wananitazama kwa huruma. Basi naandika leo, nichoke mara moja.

Msinidhanie mtu wa moyo laini. Nimekulia Mbinga milimani, kwenye kahawa, na kila Krismasi mimi ndiye niliyemshika nguruwe miguu ya nyuma baba akichinja, maana kaka zangu walikuwa wanaogopa mateke. Samaki kwetu alikuwa usipa, dagaa mkavu wa sokoni, aliyekufa zamani, asiye na habari na mtu. Samaki mbichi, aliyevuliwa siku hiyohiyo, sikuwahi kumshika mpaka nilipoolewa Lundo, kando ya ziwa.

Siku ya tatu baada ya harusi, mama mkwe aliniletea beseni la magege yaliyotoka mtumbwini saa ileile, akasema leo nyumba nzima itakula chakula cha mkono wangu. Nilikaa nyuma ya jiko na kisu, sufuria ya maji ikichemka pembeni. Nikamshika samaki wa kwanza mashavuni, mkubwa, bado ana pumzi, nikaminya. Mdomo ukafunguka, vikamiminika vitu vidogo vyenye macho, vinarukaruka kwenye kiganja changu. Vilikuwa vingi na vilizidi kutoka. Kwetu kinachomiminika kwa wingi namna hiyo ni mdudu, na dawa yake tunaijua tangu utoto: siafu wakivamia banda la kuku, ni maji ya moto. Sikufikiri. Nikavikung'uta chini, nikavimwagia sufuria nzima.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja mbio akidhani nimeungua. Alipoona, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi, umewachemsha watoto."

"Watoto wa nani?"

"Wa huyo uliyemshika. Anawalea mdomoni. Wakiona adui wanakimbilia humo, na yeye hali kitu mpaka wakue. Wengine wakinaswa kwenye wavu wanawatema. Huyo hakutema."

Alisema hivyo kama anayenielekeza chumvi ilipo. Kuku walikuwa wameshafika, wanadonoa, na tetea mmoja alikuwa hashibi. Samaki yule alivutwa na wavu, akatupwa mtumbwini, akaletwa kwenye beseni, muda wote amefumba mdomo, na mimi ndiye niliyemfungua.

Nilipika hivyohivyo, na sijui nilipikaje. Sasa, desturi ya nyumba ile ni kwamba mkwe mpya akipika mara ya kwanza, yeye ndiye anayemega tonge mbele ya wazee, anachovya kwenye mchuzi, anakula, ndipo nao wanaanza. Nililijua hilo. Shangazi yangu alinifunda vizuri kabla sijaondoka kwetu. Nilimega tonge, nikalichovya, nikalifikisha karibu na midomo. Likanishinda. Nikalirudisha kwenye sahani.

"Mwanangu, mbona huli?" baba mkwe akauliza.

"Nimeshiba, baba."

Nilidhani hiyo ni adabu. Baba mkwe aliurudisha mkono wake taratibu. Mama mkwe akafunika bakuli, akalitoa nje. Nikamtazama mume wangu, naye anatazama mkeka. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilipigwa na butwaa mpaka nikasahau kulia: walidhani nimetia kitu kwenye mchuzi. Mimi, niliyeshindwa kumla samaki kwa ajili ya watoto wake, nimekuwa mchawi wa kuua watu.

Kwa siku nne hakuna aliyegusa nilichopika. Mume wangu alininong'oneza, "Onja tonge moja tu la samaki, yaishe." Nilimwambia kama naye anahitaji ushahidi wa tonge, basi ameoa mtu asiyemjua, na bado nafasi ya kunirudisha ipo. Nilikula mihogo ya kuchoma peke yangu, nikifikiri. Mayai yalinitoka moyoni kwa sababu ya yule tetea. Nguruwe nilimkumbuka miguu yake mikononi mwangu, ikisukuma. Maziwa nayo yakaja: kwetu ndama hufungwa pembeni akilia huku mama yake anakamuliwa, na kamba hiyo nimeifunga mwenyewe miaka mingi. Nilijishangaa mno kwamba sikuwahi kuisikia ile sauti.

Siku ya tano nilipika maharage niliyotoka nayo kwetu na kisamvu cha karanga. Nikaketi mbele yao, nikala matonge matatu makubwa bila kuombwa. Kisha nikasema yote, samaki, maji ya moto, kuku. Nililia, nikajikasirikia kwa kulia.

"Samaki sili, na sitakula," nikasema. "Lakini sijatia kitu kwenye chakula cha mtu."

Baba mkwe akanawa, akala, akaongeza kisamvu. Alipomaliza akamgeukia mkewe.

"Wapigie wakwe. Waambie wasije."

"Wasije wapi, baba?" nikauliza.

Mama mkwe ndiye aliyejibu, ameinamia simu. "Walikuwa waje kesho kukuchukua, mwanangu. Tulishawaeleza, wakakubali."

Mama yangu mzazi, aliyenifundisha kupika, aliyekula chakula changu tangu sijaweza kuinua sufuria, alikubali bila hata kunipigia simu kuniuliza. Mama mkwe akaweka simu kwenye spika ili nami nisikie. Mama alipopokea, hakuuliza habari zangu. Aliuliza kama wote pale nyumbani bado ni wazima.