Stesheni Wagoni ya Mama Sipriani

Siku ya kwanza kazini sikuonyeshwa gari. Fundi Mkuu wa gereji pale Kasulu alinipa sumaku ya ukubwa wa kipande cha sabuni, akaifunga kitambaa laini ili isikwaruze rangi, akasema, "Mwalimu, macho yako yaache nyumbani. Rangi inadanganya. Hii haidanganyi."

Nilikuwa nimefundisha dini miaka mingi kama katekista, ndiyo maana watu waliniita Mwalimu, na ndiyo maana nilipata kazi hiyo. Mwenye gereji, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, tulimwita Hajji. Alikuwa akitafuta stesheni wagoni za zamani, yale magari marefu ambayo paa lake huenda moja kwa moja hadi nyuma, kwenye mlango mkubwa wa kupakilia mizigo. Watu wa Dar es Salaam na Nairobi walizipenda kwa harusi na maonyesho.

"Mimi najua kuuza," Hajji aliniambia. "Wewe unajua nani amezikwa wapi na gari lake limebaki kwa nani. Mungu ametukutanisha." Namshukuru Mungu kwa maneno hayo mpaka leo, maana nilikuwa na umri ambao wengine hupewa kazi ya kulinda geti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unapitisha sumaku chini ya milango, juu ya matairi na kwenye sakafu ya nyuma. Ikishika, kuna bati. Ikianguka, hapo pana puti, ule udongo wa mafundi wa kuzibia mahali palipoliwa na kutu. Kisha unasugua namba ya chesi, iliyogongwa kwenye chuma cha gari, unailinganisha na kadi ya gari. Mwisho unauliza kama kuku hulala ndani, kwa sababu kinyesi cha kuku hula sakafu kuliko mvua.

Nilianzia Kitanga na Rungwe Mpya. Kitanga nilikuta moja imegeuzwa ghala la mbegu za mahindi, mwenyewe akanionyesha kwa fahari kwamba panya hawaingii. Rungwe Mpya mzee mmoja alikuwa akianika mihogo juu ya paa la stesheni wagoni yake aina ya Pijo. Nilipomuuliza kama angeuza, alijibu, "Na mihogo nianike kwako?" Nikaondoka na maparachichi matano na sikuondoka na gari.

Huko ndiko nilikojifunza utaratibu wa safari tatu, nami ndio ninaowaachia ninyi mnaoanza. Safari ya kwanza usitaje gari, salimia na ujue hali ya nyumba. Ya pili omba kulitazama. Ya tatu kaa na wazee wa ukoo, uulize nani mwenye neno juu ya gari hilo. Baada ya hapo ndipo unazungumza bei.

Hajji aliponihamishia Kibondo, nilisikia habari za gari moja Mabamba, karibu na mpaka wa Burundi. Lilikuwa Pijo la rangi ya maziwa, lenye viti safu tatu, mali ya mfanyabiashara mmoja ambaye wazazi wake walikuja kama wakimbizi na yeye akawa raia. Alikuwa amefariki. Nilikwenda nikasalimia. Nilirudi tena, na mwanawe mkubwa, Sipriani, akanifungulia banda. Sumaku ilishika kila mahali. Namba ya chesi ililingana na kadi. Katika daftari nikaandika kasoro moja tu: kiti cha nyuma kina madoa, kibadilishwe.

Nilipompa Hajji taarifa, alikuwa tayari na mteja aliyetaka gari kwa harusi ya binti yake. "Nalitaka hapa kabla ya Jumamosi," alisema. "Ukishindwa, Mwalimu, nitatafuta mwenye miguu myepesi." Niliogopa kupoteza kazi. Sipriani alikuwa na kadi na alikuwa amekubali. Safari ya tatu nikaiacha.

Tulifika Mabamba asubuhi, mimi na Fundi Mkuu, na lori la kukodi. Tulikuwa tumeshaweka mbao mbili na kufunga kamba, tayari kulivuta gari lipande, mjane, Mama Sipriani, alipotoka ndani. Alifungua mlango wa Pijo, akaketi kiti cha nyuma, akaufunga taratibu.

"Mama Sipriani, shuka tuzungumze," nikasema.

"Tuzungumze hivi hivi. Au nipakieni na mimi, mkaniuze pamoja nalo." Akanitazama kupitia kioo. "Wewe si katekista? Ile amri ya kutotamani mali ya jirani, siku hiyo hukufika darasani?"

Fundi Mkuu aligeuka akajifanya anakaza kamba.

"Mama, kadi ninayo mimi," Sipriani alisema.

"Kadi unayo. Tanga la baba yako limeondolewa lini?"

Sipriani alitazama chini, nami nikatazama chini. Kwetu Waha, kama kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, nyumba hubaki katika msiba mpaka siku wazee wanapokusanyika kuondoa tanga. Siku hiyo ndipo husemwa kipi ni cha nani. Kabla ya hapo mali ya marehemu haitoki uani. Nililijua hilo tangu utoto. Hakuna aliyenificha, sikuuliza, kwa kuwa nilijua nitakachojibiwa.

Nikampigia Hajji simu. "Hajji, gari halitakuja."

"Kadi si unayo?"

"Ipo. Lakini kuna mtu ndani ya gari."

"Mtoe."

"Ni mjane wake. Bado wako kwenye msiba, tanga halijaondolewa."

"Yaani yuko kwenye eda," Hajji alisema.

"Ninyi mnaita hivyo. Yetu ni tofauti kidogo."

"Tofauti gani? Umeingiza lori nililolipia kwenye nyumba ya mwenye eda. Ondoa kamba, Mwalimu. Omba radhi kwa jina lako na langu."

Tulilisukuma gari likarudi bandani, Mama Sipriani akiwa bado amekaa ndani. Hajji alimkosa mteja yule. Hakunifukuza, ila aliniweka gereji msimu mzima nikiosha kabureta. Sikulalamika.

Siku ya kuondoa tanga nilialikwa, nikaketi nyuma kabisa. Wazee waligawa mashamba kwa wana, gari wakampa mama. Niliporudi Hajji akaniuliza, "Atauza?"

"Sijamuuliza."

"Vizuri." Akachukua birika la udhu. "Lakini kweli halina puti kabisa?"

"Sumaku ilishika kila mahali, Hajji."

Akashusha pumzi, akaenda kuswali.

Magoti yalipokataa kuingia uvunguni mwa magari, niliaga kazi kwa amani. Hajji alinipa kanzu, ingawa anajua sisi huvaa suti Jumapili, na ninaivaa nyumbani kwa shukrani. Kisha nikaenda Mabamba kuaga.

"Bado unanunua?" Mama Sipriani aliniuliza.

"Nimestaafu, Mama."

"Basi leo unaweza kuingia." Akafungua mlango wa Pijo. Nimekagua stesheni wagoni nyingi, lakini hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kiti cha nyuma kama abiria. Yeye aliketi mbele, mahali pa marehemu, mikono kwenye usukani.

"Enzi hizo huku gari lilikuwa hili moja," alisema. "Mwanamke akishikwa na uchungu, mume wangu anaendesha, mimi nakaa hapo ulipo, namshika. Wawili walijifungua hapo hapo kitini kabla hatujafika hospitali Kibondo. Mmoja wa watoto hao leo ndiye mwenyekiti wetu wa kitongoji."

Nilitazama kitambaa nilichokikalia. Madoa yangalipo. Nikavua kofia.