Damu ya Babu Yake

Miaka ya themanini nilikuwa afisa wa probesheni hapa Eldoret, na majivuno yangu yalikuwa hayaingii mlangoni. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mtu akikiri kosa kortini, hakimu alitutuma kwao kabla ya kumhukumu, tuulize ni mtu wa namna gani, tuandike ukurasa mmoja. Ukurasa ukimsema vizuri, alirudi nyumbani chini ya uangalizi wetu. Ukimsema vibaya, alienda jela.

Chuoni nilifundishwa kwa nini watu huumiza wenzao. Kuna wataalamu waliosema ni damu, mtu huzaliwa nayo. Wengine walisema ni njaa, wengine marafiki. Ofisini nako, wakati wa chai, kila mtu alikuwa na nadharia yake. Bosi alisema ni chang'aa, na yeye mwenyewe akinuka chang'aa saa nne asubuhi. Karani alisema ni masikio, eti mwizi ana masikio madogo. Wueh, niliwadharau hao wawili! Mimi nilikuwa mtu wa damu, na nilikuwa nikingoja tu kesi ya kuonyesha kwamba niko sahihi.

Ikaja kutoka Yamumbi. Seremala mmoja, mtu mzima mwenye mke, alikuwa amemvunja jirani mkono kwa mpini wa jembe. Lilikuwa kosa lake la kwanza na hakulikana.

Nilimkuta mama yake nyumbani. Alikuwa mjane, na yeye na mumewe walikuwa wametoka mkoa wa Central kuja kununua shamba huku. Alinifutia kiti kwa leso yake, akanipa chai ya maziwa mengi, akanieleza. Ng'ombe wa jirani waliingia kwenye kabeji zake. Alipoenda kuwafukuza, jirani alimsukuma akaanguka kwenye matope mbele ya watu, kisha akasimama hapo anamcheka. Kijana wake, yule seremala, alikuwa uani akipiga randa mlango wa mteja. Akaona yote.

Nikasema nimesikia, sasa tuje kwenye ukoo. Nikamuuliza kama kuna mwingine kwao aliyewahi kumpiga mtu.

Uso ukamng'aa. "Madam, huyu si mtoto wangu tu," akasema. "Huyu ni baba yangu."

Kwao mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la babake mama, na mama humwita "baba" maisha yake yote. Yule babu alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu. Nyapara alimchapa mke wa babu kiboko, naye babu akamkata nyapara kwa panga, akafungwa miaka saba. Mama alinisimulia hayo huku amenyoosha mgongo kabisa.

"Na huyu ni yeye mtupu," akasema. "Andika hivyo."

Nikaandika. Na nisijifanye hapa kwamba sikumwelewa. Sisi watu wa ziwani pia hupewa majina ya waliokufa, hata mimi nina la nyanya yangu. Nilijua vizuri sana kwamba mama anamsifu mwanawe, anasema ni mwanaume asiyekubali watu wa nyumba yake waguswe. Lakini lo, ilikaa vizuri namna gani! Babu panga, mjukuu mpini, na mama mwenyewe ndiye shahidi. Niliandika kwamba ukatili uko katika damu ya familia na kwamba uangalizi hautamfaa kitu. Yale matope sikuyaandika. Nilijiambia ukurasa umejaa. Uongo mtupu, ningeweza kuandika kwa herufi ndogo.

Hakimu aliisoma ripoti kwa Kiingereza, akaisifu kwamba ni ya kisomi. Nilifurahi, siwezi kukataa. Mkalimani alitafsiri hukumu tu: miaka mitatu na viboko vinne. Mama alikuwa benchi la nyuma, na seremala alipopitishwa mbele yake amefungwa pingu, alimwita "baba" mara moja tu.

Wiki iliyofuata alikuja ofisini na kiondo. Nikajua amekuja kunitukana, nikajiandaa kumfokea kwanza. Akatoa njahi, zile mbegu nyeusi kama kunde ambazo kwao hupikiwa mwanamke aliyejifungua, akaziweka juu ya meza yangu.

"Nilisikia jina la baba yangu likisomwa kortini," akasema. "Uliandika vile nilikuambia. Kama si wewe, wangempa miaka saba kama yeye."

Bosi aliinua macho kutoka kwa gazeti lake. Mimi nikasema asante, Mama.

Akaniomba kitu kimoja. Niwaandikie na watu wa jela pia, maaskari wajue kijana ametoka ukoo gani, wamheshimu. Nikamwambia haina haja. Ripoti ilienda naye, iko ndani ya faili yake, na kila mkubwa wa huko ataisoma kabla ya kumpangia kazi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru tena.