Niliwaandika Majirani Zangu Vibarua

Kosa ni langu, na simsingizii shetani. Ujanja wangu mwenyewe ndio ulioniponza!

Mimi ni mkulima wa kahawa huku Mpepai. Kodi yetu hupimwa kwa mapato ya kahawa, baada ya kutoa gharama za shamba. Njia ni mbili. Unaweza kupunguziwa fungu moja la gharama lililopangwa na serikali, sawa na wenzako wote, wala huulizwi kitu. Au unaorodhesha gharama zako moja moja, na zikizidi lile fungu, nafuu ni yako.

Mke wangu aliniambia nichukue fungu la wote nirudi nyumbani. Nikamcheka. Mimi niliyesoma misheni hadi darasa la nane, nipunguziwe sawa na asiyejua kusoma?

Nikaorodhesha dawa ya mibuni, magunia na jembe jipya. Jumla haikufikia hata lile fungu. Mtu mwenye akili angeachia hapo. Mimi nikaongeza vibarua.

Vibarua gani, jamani! Sijawahi kuajiri mtu. Mashimo yangu ya ngoro, yale ya kuzuia maji yasibebe udongo mlimani, huchimbwa kwa ngokela, kama ya kila Mmatengo: mke anapika pombe, majirani wanakuja na majembe yao, tunalima, tunakula, kisha tunahamia shamba la mwingine. Nikawaandika hao hao kwa majina, kila mmoja na ujira wake. Wa kwanza alikuwa Baba Kosmasi, rafiki yangu tangu tupate kipaimara pamoja.

Karani wa kodi, mtu wa kutoka mkoa mwingine, aliniuliza kwa upole kama hawa watu niliwalipa kweli. Nikamjibu, "Ndiyo, bwana." Laiti ningeumwa jino siku ile nisiweze kusema!

Sikufikiri kwamba ujira ule, kwangu gharama, kwao ni pato. Wakaitwa, wakapandishwa kodi. Baba Kosmasi akauza nguruwe aliyemfuga kwa ajili ya ada ya binti yake. Binti amefaulu, na yuko nyumbani anachuma kahawa.

Ningeweza kurudi kwa karani nikasema nilidanganya. Niliogopa faini. Nikakaa kimya, na hicho ndicho kinachonichoma kuliko uongo wenyewe.

Baba Kosmasi alikuja kwangu. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Ndugu yangu, ile pombe tuliyokunywa pamoja, kumbe ulikuwa unanilipa?"



Msimu wa ngoro ulipofika, mke wangu akapika pombe kama kawaida. Tukangoja. Akaja Baba Kosmasi peke yake na jembe lake. Akachimba kipande chake hadi mwisho, kama miaka yote. Mke wangu akampelekea kata ya pombe, akairudisha.

"Hapana, shemeji," akasema. "Nisije nikaambiwa ni mshahara."

Akaenda zake. Pombe ikachacha, tukaimwaga. Mke wangu mpaka leo hasemi, "Nilikwambia." Afadhali angesema!

Wewe unayejiona mjanja wa hesabu, ukipewa fungu la wote, lichukue na ushukuru. Na jirani aliyekusaidia kwa moyo, usimtie kwenye gharama zako. Nafuu niliyoipata haikutosha hata kununua jembe. Sasa natafuta vibarua wa kweli, wa kulipwa fedha mkononi, na hapa kijijini hakuna anayetaka kulipwa na mimi.