Jiwe la Papa Lambert

"Weye Mama Augustine, leo watu wote wako kwa makaburi. Weye unasafisha jiwe ya nani?"

Ni Claudine, jirani yake hapa Lubunga, aliyemuuliza hivyo tarehe moja ya mwezi wa nane, siku ya wazazi, wakati familia zinabeba jembe na fagio kwenda kupalilia makaburi ya watu wao. Mama Augustine alikuwa amekaa nje, jiwe liko mapajani, analisugua kwa maji na sabuni.

"Ya Papa Lambert."

"Papa Lambert alikuwa munene kuliko ile."

"Weye haukumuona siku ya njaa." Wakacheka wote wawili, halafu Mama Augustine akaendelea kusugua.

Marehemu Lambert, mume wake, alikuwa anapasua mawe ya kujengea, kule juu ya mto. Siku moja jiwe lilifunguka mikononi mwake, na ndani mkalala samaki aliyegeuka jiwe: kichwa, mkia, mapezi yenye vijiti vyembamba kama vya mwavuli. Akamletea mke wake. "Huyu hana lazima ya moshi," alimwambia, "haozake." Juma lile lile mtumbwi wake ulizama. Walimtafuta mpaka Yanonge, mbali chini ya mto, lakini mto haukumrudisha. Kwa hiyo hana kaburi. Tunasali na Mama Augustine katika parokia moja, na ninajua jambo hilo lilimuuma kuliko ujane wenyewe: hana mahali pa kwenda kumfagilia mume wake.

Claudine anauza mikate ng'ambo, karibu na chuo kikuu, na mdomo wake hautulii. Ndivyo Profesa Mahmoudi, anayefundisha habari za mawe pale chuoni, alivyosikia, akavuka mto. Alipiga magoti mbele ya lile jiwe kama mtu aliye kanisani, naye ni Mwislamu.

"Mama, huyu ni ndugu wa samaki wetu, mboto na ngolo tunaokula," alisema. "Mapezi yao ni ya namna moja. Alikufa ndani ya tope, tope likawa jiwe. Wakati ule hakukuwa mutu duniani."

"Na Mungu?"

"Mungu alikuwako, Mama."

Hapo Mama Augustine akamkaribisha kiti. Lakini profesa alikuwa anapapasa upande wa mkia, palipokuwa laini.

"Hapa magamba yalikuwako?"

"Yalikuwako. Yalikuwa yanang'aa."

"Ni maji na sabuni, Mama. Kila ukiosha, kidogo kinatoka. Samaki kama huyu wanatuonyesha nani alitangulia nani katika mito yetu, na tunao wachache sana. Ukiendelea, utabaki na jiwe tupu. Utupatie, tumutunze."

"Na mimi nitaenda wapi?"

Profesa akasimama. Akaaga kwa upole.

Mama Augustine alisali juu ya neno hilo muda mrefu. Mwishoni alilifunga jiwe katika shati la Lambert, akavuka nalo, akilikumbatia mwenyewe ndani ya mtumbwi. Chuoni walikuwa wametayarisha kabati la kioo. Aliliweka kwa mikono yake, akalikunja shati, akabaki nalo. Profesa akamuuliza anataka nini.

"Siku ya wazazi munafungaka hapa, niliuliza mulinzi. Basi, siku ile munifungulie asubuhi. Sitamugusa. Nitasimama tu mbele yake."