Maji ya Kalekye

Shivachi alitoka Maragoli mwanzoni mwa miaka ya sabini, akafikia kwa binamu yake, fundi viatu aliyepanga chumba mtaa wa Makina, Nairobi. Walibanana kwenye kitanda kimoja bila kununiana. Haikupita muda mrefu, Shivachi akapata kibarua katika kikosi kilichokuwa kikijenga barabara ya lami upande wa Kawangware.

Alidhani kujenga barabara ni kumwaga lami, basi. Nyapara wao, mzee mpole aliyeitwa Thuo, alimkabidhi sururu na kumwonyesha udongo mweusi uliokuwa ukinata kwenye viatu vyao vya mpira, gambuti.

"Toa huu wote," Thuo akamwambia. "Mvua ikinyesha unafura, jua likiwaka unapasuka. Ukiuacha hapo chini, lami yako nayo itapasuka."

Wakachimba mpaka wakafikia ardhi ngumu. Wakajaza murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, wakainyunyizia maji, rola, mashine ya kushindilia, ikapita juu yake ikienda na kurudi. Kisha wakatandaza kokoto, wakashindilia tena. Katikati barabara iliinuliwa kidogo ili maji ya mvua yateremkie mitaroni, maana Thuo alikuwa akisema maji yakituama juu ya lami ni kama mgeni mwizi, yatatafuta tu pa kuingilia. Lami yenyewe ilikuja mwisho kabisa. Shivachi aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Jioni alirudi Makina ananuka moshi, akamsimulia binamu yake habari za kokoto mpaka binamu akasinzia.

Pale kazini palikuwa na mama mmoja wa Kikamba, Kalekye, aliyewauzia wafanyakazi chai na mandazi. Maji aliyateka mbali na kuyabeba mwenyewe kwa madebe, kwa hiyo aliyalinda sana. Ukiomba ya kunawa, atakuuliza kama mkono wako nao unakunywa chai.

Asubuhi moja Shivachi alikuwa akichota lami ya moto kutoka kwenye pipa lililokuwa juu ya kuni. Mshikio wa ndoo ukakatika. Lami ikammwagikia mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kiwiko hadi vidoleni, ikamganda palepale. Alipiga yowe, akaanguka magotini. Mwenzake mmoja alimkimbilia na kuanza kuibandua kwa kucha.

"Wacha! Usibandue!" Kalekye alikuwa anakuja mbio na debe. "Utamtoa na ngozi!"

Akamsukuma yule mtu kando, akaanza kuumwagia mkono maji polepole, bila kukatiza. Debe likaisha, akaagiza lingine. Hilo nalo likaisha, akachukua hata maji ya chai ambayo yalikuwa hayajatiwa motoni. Thuo akawatuma watu wakakinge mengine kwenye tangi la rola.

"Mama, sasa chai ya watu..." Shivachi alisema huku meno yakigongana.

"Nyamaza, mwanangu. Watakunywa kesho."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo Nairobi. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo, na machozi yaliyomtoka wakati ule hayakuwa ya maumivu peke yake.

Thuo alimpakia kwenye lori la kokoto, akampeleka hospitali. Daktari akasema maji yale ndiyo yaliyouokoa mkono. Wauguzi waliilainisha lami kwa mafuta, wakaiondoa kidogo kidogo kwa uvumilivu. Kalekye alifika kumwona akiwa na uji kwenye chupa, akakaa kando ya kitanda akilalamikia bei ya sukari kana kwamba hakuna kubwa lililotokea.

Mkono ulipona, lakini vidole viwili vilibaki vimejikunja. Reki ya kutandazia kokoto haikushikika tena. Shivachi alikwenda kuaga.

"Nani amekufukuza?" Thuo akamuuliza. "Panda rola. Hiyo haitaki vidole vyote."

Thuo mwenyewe ndiye aliyemfundisha: aende taratibu, asisimame juu ya lami ambayo bado ni laini. Baadaye Shivachi akahamishiwa kikosi cha matengenezo. Wengine walitupia kokoto kwenye shimo la barabarani wakaenda zao. Yeye na wenzake walikata kingo mpaka pale lami ilipokuwa nzima, wakafagia, wakasubiri pakauke, wakapaka lami ya moto pembeni, wakajaza na kushindilia tabaka kwa tabaka. Mvua ikikaribia walizibua mitaro. Wenyeji wa Kawangware waliomwona akivuta takataka kutoka kwenye kalvati, bomba la maji chini ya barabara, kwa mkono wake ule mbovu walianza kutoka na majembe yao kumsaidia. Aliwashukuru kila mmoja, mpaka wakamzoea na kumtania.

Alioa msichana wa kwao, Musimbi, wakapanga chumba chao hapohapo Makina. Walipopata binti, Shivachi alimweleza mkewe jina analotaka. Musimbi, aliyekuwa ameisikia habari ya yale maji mara nyingi, hakubisha. Kalekye akaitwa aje amwone mtoto.

"Anaitwa nani?" aliuliza, tayari amempakata.

"Kalekye," Musimbi akajibu.

Mama yule akacheka kwa sauti iliyowaleta majirani mlangoni. "Mtoto wa Maragoli! Sasa watu wa kwenu mtawaambia nini?"

"Tutawaambia ana nyanya Mkamba," Shivachi akasema. "Ama unakataa?"

Hakukataa. Tangu siku hiyo, Jumapili baada ya kanisa alikuwa akipita Makina kumchukua mjukuu wake. Msichana alikua anasema Kilogoli na baba yake, Kikamba na nyanya yake, na Kiswahili cha Nairobi na kila mtu mwingine. Shivachi angesimama mlangoni akiwatazama wakiondoka wameshikana mikono, nyanya akilalamika kwamba mtoto anatembea mbio, mtoto akimvuta. Kisha angeingia ndani, amwombe Musimbi chai, akae ainywe polepole.